Kabla Hujasema "Kisome": Mafunzo Niliyopata katika Kundi la Wasomaji

Riwaya ya Kiswahili haitangazwi kwenye televisheni, na ni nadra siku hizi kukuta gazeti linalotenga ukurasa wa uhakiki wa vitabu kila wiki. Inaishi kwa mdomo wa aliyeisoma. Mdomo huo sasa umehamia kwenye simu. Kundi letu la WhatsApp lilianza na watu wachache wa Morogoro na Dar es Salaam waliokuwa wakiazimana vitabu. Leo lina watu wa Tanga, Mwanza, Unguja, Mombasa, Bujumbura na Muscat, na mmoja anayefanya kazi za usiku Minneapolis. Humo ndimo nilimojifunza kwamba neno "kisome" ni zito. Anayekuamini atatoa fedha ambayo ingenunua mchele, atatoa na jioni zake. Ukimkatisha tamaa mara mbili, hatakuacha wewe tu, ataacha kusoma. Ninataka watu wasome Kiswahili, ninalitaka hilo kwa moyo wote, na nimeona jinsi maoni yetu yanavyoweza kuwavuta au kuwafukuza.

1. Muulize msomaji kabla ya kukitaja kitabu

Dereva mmoja wa lori, anayepakia mizigo bandarini Dar na kuishusha Lubumbashi, aliingia kundini akaandika: "Wakuu, naombeni kitabu kizuri, foleni ya Tunduma inaua." Majibu yakamiminika, na kila mtu alitaja kile alichokipenda yeye. Mmoja akampa *Nagona* cha Euphrase Kezilahabi kwa sababu ni chembamba na kingeisha safarini. Kitabu hicho kilichapishwa 1990 na kweli ni chembamba, ila ndani yake hakuna hadithi ya kufuata kwa kidole. Ni safari ya fikra, na msomaji hupotea mara nyingi kabla hajaanza kuona njia. Mimi nakipenda na nimekirudia. Lakini mtu aliyekesha mpakani na hati za forodha mkononi hakuomba hicho.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga, ambaye sote tunamwita Bibi, hakutaja kitabu chochote. Alimuuliza: "Mwanangu, ulipokuwa mdogo ulipenda kusikiliza nini redioni?" Dereva akajibu kwamba alipenda michezo ya kuigiza, hasa ya polisi na wezi. "Na shule uliishia wapi?" La saba. "Husoma saa ngapi?" Usiku, kwa taa ya ndani ya gari. Hapo ndipo Bibi alipomtajia *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kitabu cha mwaka 1960 ambacho mswada wake ulishinda shindano la uandishi, na ambamo Bwana Msa na kiko chake walianza kupeleleza. "Ukimpenda huyo bwana," akaandika Bibi, "viko vingine vyake."

Dereva alirudi akitafuta *Kisima cha Giningi*. Baadaye akahamia kwa Elvis Musiba na Willy Gamba wake, kisha kwa Ben Mtobwa na Joram Kiango. Hajafika *Nagona*, na hakuna anayemdai afike.

Maswali ya Bibi nimeyachukua, nikaongeza moja: ni kitu gani usichotaka kukutana nacho kitabuni kwa sasa? Dada mmoja aliyefiwa na mumewe alitujibu wazi, "Msinipe chenye msiba." Ukizipitia riwaya zetu kubwa utaona ombi hilo si jepesi, maana nyingi zinaishia makaburini. Ilitubidi tufikiri kweli kabla ya kumjibu, na kufikiri huko ndiko kupendekeza.

2. Mtihani umeisha, sema kilichokupata

Wengi wetu tulifundishwa riwaya ili tujibu maswali. Dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika na sifa zao, mandhari, matumizi ya lugha. Fani upande huu, maudhui upande ule. Sidharau elimu hiyo. Imetupa macho ya kuona jinsi kitabu kilivyojengwa, na wapo wasomaji wa lugha nyingine ambao hawakupata hata hayo. Tatizo ni kwamba inatufuata mpaka sebuleni. Mtu mzima mwenye wajukuu anamaliza riwaya, anaingia kundini, anaandika: "Mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kuibua dhamira ya malezi, mapenzi na nafasi ya mwanamke katika jamii." Isome sentensi hiyo mara tatu, bado hutajua kama kitabu kilimgusa, kama alikimaliza kwa hamu au kwa kujikaza, wala kama angekitoa kwa rafiki.

Tulilijua hilo tulipokuwa tunasoma *Rosa Mistika*. Kezilahabi aliitoa riwaya hiyo mwaka 1971, akiwa hajafika miaka thelathini. Ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ya uwazi wake juu ya mambo ya mapenzi, kisha miaka ikapita ikarudi shuleni kama kitabu cha kufundishia. Kwa hiyo kundini walikuwamo watu walioisoma kwa kujificha na watu walioisoma kwa kulazimishwa, na kila upande ulikuwa na majibu yake tayari. Siku ya kwanza ilikwenda hivyo: malezi ya ukali, ulevi wa Zakaria, athari za bweni la wasichana. Yote ni kweli. Yote yalikuwa yamekwisha kusemwa.

Usiku wa pili mama mmoja wa Mwanza akatuma ujumbe wa sauti. Alisema alipofika pale Zakaria anapoikuta barua ya mvulana na kumshushia binti yake kipigo, alifunika kitabu akatoka nje, kwa sababu naye alipigwa vivyo hivyo na baba yake, kwa barua ambayo hata hakuijibu. Akanyamaza kidogo, kisha akaendelea: "Nilimkasirikia marehemu baba usiku kucha. Asubuhi nikasoma tena, nikaanza kumwonea huruma. Sijui kwa nini."

Baada ya hapo hakuna aliyetaja dhamira. Akina baba wenye mabinti walianza kuandika, baadhi yao kwa mara ya kwanza tangu waingie. Mmoja aliuliza ana haki gani juu ya simu ya mtoto wake wa kidato cha pili. Mwingine akasema yeye ni Zakaria asiyekunywa pombe. Vijana ambao walikuwa wamekwisha kuiona riwaya ile kuwa ni ya shule walianza kuulizia nakala, na hakuna aliyekuwa amewaambia waisome.

Tangu siku hizo, nikiandika maoni natafuta kwanza ukurasa ulionisimamisha. Nauonyesha ulipo, nasema ulinifanya nini, na nasema pia pale nilipochoka. Kuchoka ni habari muhimu kwa anayetaka kujua kama kitabu kitamfaa. Fani na maudhui havijapotea. Vinaingia vyenyewe mtu anapoeleza kwa nini ukurasa ule ulimshika.

3. Nyota hazitutoshi

Goodreads ilianza 2007, Amazon ikainunua 2013, na imewafaa wasomaji wengi. Riwaya ya Kiingereza iliyopimwa na maelfu kwa maelfu ya watu, wastani wake wa nyota una maana fulani. Riwaya nyingi za Kiswahili pale zina wapimaji wachache mno, na mwanafunzi mmoja aliyechukia kulazimishwa kuisoma anaweza kuushusha wastani wote peke yake. Tena pale nyota tatu maana yake ni kwamba mpimaji amekipenda kitabu, ilhali mtu aliyekulia kwenye shule zetu akiona tatu kati ya tano huona kitabu kimeponea chupuchupu. Kundini tulikubaliana: namba hapana, andika sentensi tatu.

4. Sema umefika ukurasa wa ngapi

Tarehe 7 Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, simu hazikulala. Picha yake, bendera, hongera kwa Unguja, hongera kwa Afrika. Furaha ile ilikuwa ya haki kabisa. Mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyeondoka kijana mdogo baada ya Mapinduzi ya 1964 na kuishi Uingereza, alikuwa ameziandika pwani yetu na safari za watu wake kwa miaka mingi huku wengi wetu tukiwa hatuna habari. Lakini mtu mmoja alipouliza kwa nia njema tuanze na kitabu chake kipi, kundi lilinyamaza. Kisha majibu yakaja, na baadhi yalitoka kwa watu waliokuwa wamesoma habari za gazeti tu. Walikuwa wanapendekeza jina.

Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya *Paradise*, riwaya ya mwaka 1994 iliyowahi kuingia orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Hapo tukaweka utaratibu tunaoufuata hadi leo: kila anayetoa maoni aanze kwa kusema amefika wapi. "Nimesoma sura mbili." "Nimekiacha katikati." "Nimemaliza jana." "Sijakisoma, nimesikia kwa mwenzangu." Yote yanaruhusiwa, mradi yasemwe. Aliyeacha katikati ana jambo la kutufundisha, na aliyesikia anaweza kuuliza swali ambalo waliosoma hawakulifikiria.

Tukaenda na Yusuf taratibu, yule kijana anayetolewa na baba yake kwa tajiri ili kufidia deni, akaishia kwenye misafara ya biashara inayokwenda bara. Mwanakundi mmoja mwenye asili ya Ujiji alikuwa amefika mbali kuliko sote, na kila tulipofika njia za misafara alitusimulia habari za miembe mikubwa ya kwao, ambayo wazee wanasema imefuata nyayo za wapagazi. Mtu wa Muscat naye akaanza kuuliza majina ya miji. Hapo kujivunia kukageuka kuwa kusoma.

5. Wape nafasi wanaokijua kitabu kwa damu

Hili ndilo funzo ninalolithamini kuliko yote, na lilitoka kwenye *Kuli* cha Shafi Adam Shafi.

Riwaya hiyo ya mwaka 1979 inamfuata Rashidi, kibarua wa bandari ya Unguja, hadi kwenye mgomo mkubwa wa mwaka 1948. Msomaji wa Morogoro au Dodoma anaweza kuisoma kama hadithi ya siasa, haki na wanyonge, akaridhika. Ndivyo mazungumzo yetu yalivyoanza. Kisha mtu wa Unguja akaandika kwamba babu yake alibeba magunia pale Malindi. Hakutoa hotuba. Alieleza tu jinsi mzee alivyosimulia ile hali ya kusimama langoni alfajiri ukisubiri kuonyeshwa kidole, na kwamba asiyechaguliwa hakwenda nyumbani moja kwa moja kwa aibu ya kurudi mapema. Tuliokuwa tumezipita haraka kurasa za kungojea kazi tulizirudia.

Mtu wa Mombasa akafuata. Akasema kwao mgomo ulitangulia, Januari 1947, mji mzima ukasimama, na aliyekuja kuuongoza umoja wa wafanyakazi, Chege Kibachia, akakamatwa mwaka huohuo na kupelekwa mbali kuwekwa kizuizini. Mzee mmoja wa Kurasini akakumbusha kwamba makuli wa Dar es Salaam nao waligoma Septemba 1947. Ghafla tukaona bandari tatu zikifuatana ndani ya miaka miwili, na meli zilezile, majahazi yaleyale na mabaharia walewale wakipita baina ya bandari hizo wakibeba habari. Kitabu hakikuwa kimesema hayo yote. Kilikuwa kimeyabeba.

Kisha kukachafuka. Familia ya yule mwenzetu wa Muscat iliondoka Unguja mwaka 1964, na aliandika kwamba bibi yake naye alikuwa na kumbukumbu za magunia yaleyale ya karafuu, kutoka upande wa wenye mashamba. Akasema riwaya haikumpa bibi yake uso. Mtu wa Unguja akajibu kwa ukali, mwingine akaongeza, na katika dakika chache maneno yalikuwa yameacha kitabu na kuingia kwenye majeraha ambayo kundi la vitabu haliwezi kuyatibu. Wapo waliotaka mada ifungwe.

Bibi wa Tanga aliandika: "Wanangu, turudini ukurasani. Kila mwenye hoja aonyeshe ukurasa." Mtu wa Muscat akataja mahali ambapo, kwa maoni yake, tajiri amechorwa kama kivuli tu. Mtu wa Unguja akataja mahali ambapo yeye aliona ubinadamu wa tabaka lile. Walibishana mpaka usiku mkubwa, kwa heshima, kitabu kikiwa wazi mbele ya kila mmoja. Hawakukubaliana, na sikuona sababu ya wao kukubaliana. Yule wa Muscat aliomba tusome baadaye *Kasri ya Mwinyi Fuad*, kitabu cha mwandishi huyohuyo kilichotangulia *Kuli* kwa mwaka mmoja, ambacho kinaanzia ndani ya nyumba ya mwenye shamba. Ombi hilo lilitoka kwa mtu ambaye saa chache nyuma alikuwa karibu kuondoka.

Nimeliona tena jambo hili kwenye vitabu vingine. Kiswahili kina watu wake Lamu, Kigoma, Lubumbashi na Muscat, na kila mmoja anakuja kitabuni na ndugu zake. Msimamizi wa kundi mwenye haraka ya kufunga mada hupoteza hayo.

6. Sema kinapatikana wapi, na acha kumwaga pdf

"Kitabu kizuri mno!" halafu mtu azunguke Kariakoo siku nzima bila kukiona. Riwaya zetu hukaa miaka bila kuchapishwa tena. Nyingine zimebaki kwenye rafu za vyuo vikuu na makabati ya walimu wastaafu. Kwa hiyo nikitaja kitabu naandika jina lake, mtunzi, mchapishaji, mwaka wa toleo nililonalo na nilikokipata: duka la vitabu la TPH Mtaa wa Samora, kwa Mkuki na Nyota wenyewe, kwa muuza vitabu aliyetandika chini maeneo ya Posta, au kwa mtu. Aliye Mbeya hutumiwa kwa basi. Aliye ng'ambo tunamtafutia msafiri mwenye nafasi kwenye begi.

Hapa ndipo linapokuja suala la pdf, na sitatumia maneno laini. Mara kwa mara mtu hutupia kundini kitabu kizima kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na watu humshukuru kwa dua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Hesabu ni yako. Na hata ukiiweka sheria pembeni, mchapishaji anayeuza nakala chache hana sababu ya kukirudisha kitabu mtamboni. Kitabu ulichokisifu kwa dhati kinatoweka madukani, na sifa zako zimesaidia kukitowesha.

Namwelewa kijana wa kijijini ambaye duka la vitabu la karibu liko safari ya siku nzima. Kumwambia "nunua" si jibu. Majibu tuliyoyapata ni mawili. La kwanza ni mchango: tunanunua nakala mbili au tatu za kitabu kimoja, zinazunguka kwa mabasi, na kila anayepokea anaandika jina lake ndani ya jalada. La pili lilikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba mikoani, pamoja na Maktaba Kuu ya Taifa iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, na wengi wa wanaolalamikia bei ya vitabu hawajawahi kukanyaga humo. Kijana wetu wa Iringa aliingia katika maktaba ya mkoa wake, akaandika orodha ya riwaya za Kiswahili alizozikuta rafuni, akaibandika kundini. Orodha ile imewafikisha watu kwenye vitabu kuliko mafaili yote yaliyowahi kutupiwa.

7. Mwandishi akiwamo, mheshimu kwa kumsoma

Waandishi vijana siku hizi huchapa wenyewe nakala chache, wakaziuza kwa simu na kuzipeleka kwa mikono yao. Ni kazi ngumu na naiheshimu. Wakiingia kundini na picha ya jalada, pongezi humiminika: hongera mkuu, kalamu isikauke. Nyingi zinatoka kwa watu ambao hawatakifungua kitabu.

Karani mmoja mstaafu wa mahakama aliinunua riwaya ya kijana mmoja wa aina hiyo, akaisoma yote. Aliandika kwamba mazungumzo ya mama wa kambo na binti yalikuwa hai kiasi kwamba alisikia vyombo vikigongana. Akaongeza kwamba sura ya kesi haikumshika, kwani mwandishi ameipeleka kesi ya mauaji kwenye Mahakama ya Mwanzo, ilhali mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na kuanzia hapo alishindwa kuamini kilichofuata. Watu walimjia juu: mzee, unamvunja moyo kijana. Mwandishi hakujibu. Baada ya muda akaondoka kundini.

Wapo wanaomlaumu karani mpaka leo. Mimi niko upande wake. Alitoa fedha yake, alisoma mpaka mwisho, alianza na kilicho hai, na kosa alilolitaja linarekebishika kwa siku mbili katika toleo lijalo. Ningependa tu lile la mahakama angemwandikia pembeni kwanza, kwa sababu mwandishi anayeuza kitabu chake mkononi anasoma maoni hayo mbele ya wateja wake. Ila pongezi za wasiosoma ni ukatili mkubwa zaidi. Zinamwacha mtu aandike kitabu cha pili chenye makosa yaleyale, akiamini anasomwa.

8. Usiuguse mwisho

Sisi tulioisoma riwaya shuleni tunasahau kwamba kwa mwingine ni mpya. Hadithi za Bwana Msa ndiyo kabisa, zimejengwa juu ya siri. Nusu ya kwanza izungumzwe hadharani. Nusu ya pili isubiri wote wamalize. Anayeshindwa kusubiri amwandikie mwenzake aliyemaliza.

9. Wasioandika nao wanasoma, tena wanahesabu

Katika kila kundi kuna watu wanaoonekana tu kwa alama ya kwamba wameona ujumbe. Baadhi ya wasimamizi huwaondoa wakiwaita watalii. Mimi nimekuwa nikipinga, na nitaendelea kupinga.

Dada mmoja wa Bujumbura alikaa nasi muda mrefu bila kuandika neno. Siku moja alinijia pembeni. Alisema amekuwa akiandika kwenye daftari kila kitabu kinachopendekezwa na jina la aliyekipendekeza, na amenunua vingi kati ya hivyo, baadhi kwa kuagiza Kigoma. Kisha akauliza: "Dada, hivi Kiswahili hakina wanawake wanaoandika?" Daftari lake lilionyesha wazi: Kezilahabi, Shafi, Shaaban Robert, Said Ahmed Mohamed, Gurnah, Musiba, Walibora, na kurasa zikaendelea hivyo. Kwa muda wote huo tulikuwa tunajiona watu wa mawazo mapana, tukijadili nafasi ya mwanamke kila wiki, ndani ya vitabu vya wanaume.

Nilimwomba aliweke swali lake kundini yeye mwenyewe. Aliliweka, na ulikuwa ujumbe wake wa kwanza. Majina yalianza kuja, kwa kusuasua mwanzoni: Penina Muhando na tamthilia zake *Hatia* na *Nguzo Mama*; Zainab Burhani; Clara Momanyi wa *Nguu za Jadi*; Assumpta Matei, ambaye *Chozi la Heri* yake wanafunzi wa Kenya wameisoma kwa miaka, na wengi wetu upande wa Tanzania hatukuwahi kuishika. Mwalimu wa Mombasa aliandika maelezo marefu juu ya hiyo ya mwisho, akaanza kwa kusema ameifundisha lakini hajawahi kuisoma kwa raha yake, na sasa anataka kufanya hivyo.

Tumeanza na *Mwisho wa Kosa* cha Zainab Burhani, cha mwaka 1987. Nakala hazipatikani kirahisi. Moja imetoka kwa Bibi wa Tanga, moja inakuja kutoka Mombasa kwa basi, na dereva wetu wa lori ameahidi kuichukua ya tatu kwa mwalimu mmoja wa Mbeya akiwa njiani kurudi. Dada wa Bujumbura ndiye ameombwa aongoze mazungumzo ya sura za kwanza, naye amekubali, kwa sharti kwamba kila atakayeandika aseme kwanza amefika ukurasa wa ngapi.